Nilivyookoa mpunga wangu dhidi ya kwelea kwelea bila kufyatua risasi hata moja

Mpunga wangu ulikuwa ndio unatia maziwa pale kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka kwa makundi, walipoingia. Nalima eka 3 za mpunga wa mbegu ya SARO 5 kwenye skimu ya umwagiliaji ya Dakawa, wilaya ya Mvomero, na msimu ule hela ya mbolea nilikuwa nimeikopa kwenye kikundi. Asubuhi ya kwanza niliwasikia kabla sijawaona, mvumo kama upepo unaopita kwenye majani makavu. Walitua upande wa mfereji. Nilipofika, masuke yalikuwa yamebinywa punje kwa punje, maganda yamebaki juu matupu, na yale maziwa meupe yametapakaa kwenye majani. Ukilishika suke, vidole vinanata.

Tukaamia, yaani tukalinda shamba kwa kufukuza ndege, kama tulivyozoea. Nilisimamisha madungu mawili, vile vichanja virefu vya kulindia, nikaweka vijana wawili wenye makombeo na madebe, mimi mwenyewe nikashika kona ya mfereji. Kuamia ni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka kama saa 4, kisha saa 9 alasiri mpaka giza linaingia. Siku ya tatu sauti ilinikauka. Ukiwafukuza kwako wanashuka kwa jirani, jirani akiwafukuza wanarudi kwako.

Kaka yangu ana shotgani, anaimiliki kihalali. Akanipigia simu: "Dada, Jumamosi nakuja nayo. Tukipiga mara mbili tatu hawarudi tena." Mzee wa shamba la jirani akaniambia nisimsumbue kaka, yeye anamjua mtu wa gobore. Nakiri nilitamani. Kilichonizuia ni kwamba sikujua kama mtu anaruhusiwa kumpiga ndege anayekula mpunga wake mwenyewe. Nikaona heri niulize kabla ya kusikia baruti. Nikapanda bodaboda kwenda kwa afisa wanyamapori.

Yule bwana alinikalisha akanieleza bila haraka. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ndege wa porini naye ni mnyamapori, hata yai lake limo. Kwa kawaida kumuua au kumkamata kunataka kibali. Nikamuuliza habari ya nyavu, maana nilisikia Kondoa wanawatega kwelea na kuwala. Akasema kutega nako ni kukamata, usianze bila kuuliza. Na sumu ya dukani kwenye maji au kwenye punje? Hapo alikunja uso: hilo ni kosa, tena wanaokufa ni kuku wa jirani na mtoto atakayeokota. Kuhusu bunduki, akanikumbusha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni ya mwenye silaha, si ya ukoo, na gobore lisilo na leseni linamfunga aliyelishika na kumtia matatani aliyemwita.

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonisaidia: "Mama, hao ndege wanalala wapi?"

Sikujua. Siku zote nilikuwa nawatazama wanapokula tu.

Akanipigia hesabu. Kwelea mmoja ana uzito wa kama gramu 20, na kwa siku anaweza kula gramu 10 za nafaka. Wakifika milioni moja ni tani 10 kwa siku. Risasi ya shotgani itaangusha wangapi? Kumi, ishirini, na katika hao atakuwamo yangeyange aliyekuja kula wadudu kwenye majaruba yako. Kwelea anapigwa malaloni, wakati kundi zima limekusanyika, na kazi hiyo si ya mkulima mmoja mmoja. Inafanywa na wataalamu wa serikali, kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Jioni ile mimi na kijana mmoja tuliwafuata kwa pikipiki. Saa 12 na nusu hivi tukafika kwenye matete karibu na mto. Matete yalikuwa yameinama kwa uzito wao. Nilipiga picha kwa simu, nikaandika njia ya kufika, ukubwa wa eneo, na nyumba zilizo karibu. Usiku uleule nikampelekea afisa ugani wetu wa kata, naye akapeleka taarifa halmashauri.

Tulisubiri siku 9, na hizo siku 9 zinaniuma hadi leo. Mkulima anapoambiwa aache bunduki, huduma nayo ifike kabla suke halijakauka. Tuliamia kwa zamu, mashamba 6 kwa pamoja, tukapiga madebe kwa wakati mmoja ili wasipate pa kushukia.

Kabla wataalamu hawajanyunyizia dawa pale kwenye matete, mtendaji alipita na kipaza sauti: mifugo ifungwe, watu wasiende mtoni, asiokote mtu ndege aliyekufa. Dawa waliyotumia ni fenthioni, sumu kwa kila ndege, si kwa kwelea peke yake. Ndege ya kunyunyizia ilikuja jua likizama, ikapita juu ya matete mara kadhaa, ikaondoka. Asubuhi nilimwona bundi amekufa kando ya njia, mabawa wazi, na nilisikitika. Nikakaa pale na fimbo kuwazuia watoto mpaka wahusika walipofika kukusanya mizoga.

Upande wa mfereji ulikwisha, robo eka nzima. Kwingineko nilivuna, nikapata magunia 52, deni la kikundi nikalilipa. Kaka hakuja na shotgani. Alikuja siku ya kupiga mpunga, akabeba magunia.

Msimu huu nimeshayapitia yale matete mara mbili tangu mpunga uanze kubeba mimba, saa 12 jioni, peke yangu. Namba ya afisa ugani iko juu kabisa kwenye simu yangu. Kwelea bado hawajaingia.