Vidole vyangu vimerudi kwenye cherehani

Kidole cha kati kilivimba chote, kuanzia shina hadi ncha, kikawa kama soseji. Zahanati niliyoanzia walisema ni jongo, ugonjwa wa viungo unaohusishwa na ulaji wa nyama. Nikaacha nyama miezi minane, nafuu sikuiona. Asubuhi mkasi haukushikika mpaka saa nne.

Aliyegundua ni daktari wa ngozi. Nilimwendea kwa sababu ya magamba ya kiwikoni, yeye akanishika mkono akatazama kucha: vishimo vidogo vidogo, kama zimedungwa sindano. "Mama, viungo navyo vinauma?" Kumbe ni baridi yabisi ya soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba: kinga ya mwili inashambulia ngozi na viungo vyako mwenyewe.

Nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo. Hapa naomba mnisikilize vizuri: humezwa mara moja kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Mimi siku yangu ni Jumapili, asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, nameza siku nyingine, na damu napimwa mara kwa mara kuangalia ini. Nafuu ilianza wiki ya nane.

Mpini wa mkasi nimeuzungushia kitambaa unenepe, na kabla ya kazi natia mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Jana nimemaliza sare 12 za shule.