Tulienda Rufiji kuona meli, tukaonyeshwa maji

Tuko mabaharia wanne wa Kigamboni, chombo chetu kiko chelezoni wiki ya tatu, mshahara hamna, tukaona badala ya kuzeekea kijiweni twende tukaicheki ile manowari ya Mjerumani, Königsberg. Mbagala mpaka Bungu poa. Bungu mpaka Nyamisati bodaboda, kiuno sikihisi mpaka leo.

Mzee mwenye boti akataka 80,000, mafuta juu yetu. Tukalia bei. "Wanangu, ile meli ya vita ati," kama vile kaizamisha yeye.

Kwenye mikoko mito inagawanyika hovyo na yote inafanana, ndo nikaelewa ilivyowasumbua Waingereza, meli ya mita 115 imejichimbia humu! Ilikuwa imetoka kuizamisha Pegasus yao pale Zanzibar Septemba 1914, injini ikazingua, vyuma vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana za Dar kutengenezwa, vikarudishwa. Walioburuta ni nani, mnajua wenyewe. Julai 1915 zikaletwa Severn na Mersey, meli za tumbo bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zikaitandika mpaka nahodha wake Looff akaamua kuilipua mwenyewe.

Mzee akazima mashine. "Ndo hapa."

Hapa wapi? Maji ya rangi ya chai ya maziwa, basi. Eti zamani vyuma vilikuwa vinaonekana, watu wa skrepa wakakata, kilichobaki tope limemeza. Fundi wetu wa mitambo akachukua upondo akauzamisha, tope, tope, mara ngo! Akarudia, ngo! "Si umeiona?" mzee akauliza. Mimi nasema kisiki, fundi anaapa ni chuma, tukabishana weee, kuja kushtuka maji yamekupwa na boti imekaa juu ya tope.

Mabaharia wanne wazima! Masaa matano, mbu wa kule hawana adabu, tuna chupa moja ya maji na mihogo ya kukaanga. Nikakumbuka mizinga ya meli hiyohiyo, ilifunguliwa ikafungwa magurudumu ikapigana nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus na nilishapiga nao picha tulipotia nanga Mombasa, niko kivulini, dafu mkononi.

Giza limeingia ndo maji yakajaa. Tunashuka Nyamisati, mzee anadai 20,000 nyingine, ya kutusubiri.