Mombasa hadi Mtito Andei: reli mbili, mpando mmoja

Siku hizi mtu wa Mombasa akitaka kupanda treni huipa stesheni mgongo. Ile ya zamani iko mwisho wa Haile Selassie, karibu na Mwembe Tayari. Ya sasa, ya reli mpya (SGR), iko Miritini, bara, nje kabisa ya kisiwa. Nilianzia ile ya zamani kwa makusudi, saa kumi na mbili asubuhi, kisha nikapanda matatu ya kupitia Makupa na Changamwe. Ukiruka kipande hiki unakuwa umeruka nusu ya kisa.

Wengi hudhani reli ya kwanza hapa ni ile ya 1896. La. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza ya kwake mwaka 1890, nyembamba, upana wa futi 2, yaani milimita 610, na nia ilikuwa ifike Ziwa Victoria. Ilikwenda kama kilomita 11 ikaishia hapo. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitandazwa mitaani kisiwani, na juu yake yakapita matoroli: benchi, paa la kuzuia jua, na wanaume wa kusukuma nyuma. Injini hakuna. Penye mteremko msukumaji hudandia, penye mpando hushuka akakaza bega. Mambo yalikwenda hivyo mpaka miaka ya 1920, magari ya petroli yalipowazidi.

Reli kubwa ilianzia Kilindini mwezi Mei 1896, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Upana wa milimita 1,000 uliteuliwa kwa sababu ya Uhindi. Ng'ambo ya bahari kulikuwa na reli za upana huohuo, kwa hiyo injini na mabehewa yaliyokwisha kutumika, vipuri na mafundi waliovijua viliweza kuja kwa meli tayari kwa kazi. Kikwazo cha kwanza hakikuwa mbali: mkono wa bahari pale Makupa. Likajengwa daraja la muda la mbao, baadaye la chuma, refu zaidi ya nusu kilomita, wakaliita Salisbury, jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Mwaka 1929 likaja tuta badala yake. Tuta halina chuma cha kuliwa na chumvi, ila liliziba maji. Hata bamvua haikuweza kuvuka. Daraja la barabara lilipofunguliwa hapo mwaka 2022 bahari ikarudishiwa njia yake. Ukipita Makupa kwa matatu, chungulia chini uone maji yanavyokwenda.

Miritini fika saa moja kabla. Tiketi hukatwa kwa simu, *639#, kwa namba ya kitambulisho, malipo kwa M-Pesa, kisha unaichapisha kwenye mashine za stesheni. Mizigo hunuswa na mbwa, halafu hupita kwenye mashine ya kukagua. Treni ya kusimama vituo vyote huondoka saa mbili asubuhi, na hiyo ndiyo ya kupanda ukitaka kuona kitu. Ile ya moja kwa moja ni ya mtu mwenye haraka. Keti kushoto ukielekea Nairobi: milima ya Taita iko upande huo, na mbele zaidi, mbingu ikiwa safi, Kilimanjaro.

Treni ikiondoka, jambo la kwanza linaloshangaza ni kimya. Ile tata-tata tuliyoizoea haipo. Reli ya zamani ilitandazwa kwa vipande vya futi 30, kama mita 9, na kati ya kipande na kipande huachwa pengo, kwa sababu chuma hutanuka. Kipande cha mita 9 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka kama milimita 3. Pengo likikosekana, au boliti za bamba la kuungia zikikazwa kupita kiasi, chuma hakina pa kwenda ila kupinda ubavuni, na treni inayofuata huacha njia. Reli ya sasa vipande vyake vimechomelewa, na kutanuka kwake huzuiwa na mataruma (vilalio vya reli) mazito ya zege na kokoto nyingi ubavuni. Kokoto zikipungua pembeni, hatari inarudi ileile.

Kisha Mazeras, na mpando. Watu husema nchi ya pwani ni tambarare. Aliyewahi kuendesha treni ya mizigo hasemi hivyo. Karibu na hapa reli ya zamani hujizungusha duara nzima na kupita juu ya nafsi yake, ili ipate urefu wa kupandia bila kuwa na mwinuko mkali. Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwinuko wa asilimia 1.5 ni mita moja na nusu kwa kila mita 100. Mzigo wa tani 1,200 kwenye mwinuko huo hurudisha nyuma kwa nguvu ya tani 18, hapo hujahesabu msuguano wala kona. Injini ikishindwa haizimi kwanza. Magurudumu huanza kuteleza, na umande au majani juu ya reli hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ndiyo maana dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu.

Jibu la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa injini za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252, na kila moja ikapewa jina la mlima. Hapakuwa na injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyozishinda nguvu popote duniani. Siri ni umbo. Tangi la mvuke limening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele, moja nyuma, kila moja ikijigeuza peke yake. Hivyo injini ndefu namna ile huingia kona kali kama tandu, na uzito wake husambaa kwenye ekseli nyingi bila kuvunja reli. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, na zilivuta hizo tani 1,200 kutoka Mombasa. Mount Gelai imesimama kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Kapime mwenyewe kwa hatua.

Baada ya Mariakani na Samburu nchi inakauka. Hii ndiyo Taru, nyika yenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na historia kubwa ya reli hii, ingawa hapapigwi picha. Hapakuwa na maji. Wajenzi walikunywa maji yaliyoletwa kwa treni nyuma yao, juu ya reli waliyoitandaza wenyewe. Treni ya maji ikichelewa kazi husimama. Mbung'o aliua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo kila kitu kilipita njia hiyo moja ama kichwani mwa mtu. Na vitu havikuwa vyepesi. Reli ile ilikuwa ya ratili 50 kwa yadi, kila kipande kama kilo 227. Kilomita moja hula vipande karibu 220, tani 50 za chuma kabla hujahesabu taruma hata moja. Mataruma yakawa ya chuma pia, kwa kuwa ya mbao mchwa wangeyamaliza.

Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, leso begani na kikapu cha mahamri miguuni, aliniona nikichungulia vichakani.

"Mwanangu, ni hapa simba walipokula Wahindi?"

"Bado, mama. Ni Tsavo, mbele ya Voi."

"Basi utanionyesha."

Hivyo ndivyo ilivyo. Simba wawili wameimeza historia nzima. Makuli wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi, na 2,493 wakafa. Gawanya kwa siku za ujenzi mpaka Kisumu, Desemba 1901: ni zaidi ya mtu mmoja kila siku. Waliowaua zaidi ni malaria, kuhara damu, vidonda visivyopona na funza wa miguuni. Waafrika waliofyeka vichaka na kubeba mizigo hawamo katika hesabu hiyo.

Voi treni husimama kidogo. Taita iko kushoto, kijani juu, kahawia chini. Kutoka hapa tawi la kwenda Taveta lilijengwa kwa haraka ya vita kuanzia 1915. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta, na vikosi vyao vilivuka nyika kwa miguu vikibeba baruti ili kulipua reli ya Mombasa. Jeshi la Waingereza nalo lisingeweza kukaa pale bila reli ya kulipelekea maji na chakula. Baadaye tawi hilo likaungana na reli ya Tanga na Moshi huko Kahe. Ukiona reli imechepuka bila mji mkubwa mbele yake, uliza ilijengwa mwaka gani.

Halafu Tsavo. Treni ya sasa hupita juu sana, kwenye daraja refu la nguzo, na sehemu nyingine za tuta zimeachwa mapengo ili ndovu wapite chini. Nilimwonyesha mama mto. Machi 1898 John Henry Patterson aliletwa hapa kujenga daraja, na mwaka huohuo simba wawili madume wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa makuli mahemani. Desemba kazi ilisimama kama wiki tatu. Patterson aliwaua simba hao tarehe 9 na 29 Desemba. Kwa walioliwa, hesabu ya reli ilitaja makuli 28. Patterson mwenyewe alikuja kusema 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao uliotolewa 2009 ulikisia watu 35 hivi. Wanyama wenyewe wako Chicago, waliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mwaka 1924 kwa dola 5,000. Mmoja alikuwa na jino bovu lenye usaha kwenye mzizi, na mnyama wa namna hiyo hawezi kumkaba nyati. Isitoshe, ugonjwa wa sotoka wa miaka ile ulikuwa umemaliza nyati na ng'ombe, na njia ya misafara ilipita papo hapo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe na simba alikuwa mgonjwa," akanigawia hamri.

Ninachokihofia mimi zaidi katika kipande hiki ni mto mkavu. Mito ya hapa hukaa miezi bila tone, halafu mvua inyeshe vilimani na maji yashuke usiku mmoja. Kalvati ikiwa imezibwa na matawi, maji hujaa nyuma ya tuta kama bwawa, yakafurika juu, yakachota kokoto na udongo chini ya mataruma. Reli hubaki imening'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na ubaya wake ni kwamba ukiitazama kutoka kwenye injini imenyooka. Taa ya dereva inamwonyesha njia nzima. Kwenye daraja maji hufanya kazi chini zaidi: huchimba mguu wa nguzo mpaka ikose pa kusimama. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993 treni ya abiria kutoka Nairobi kuja Mombasa ilifika mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, daraja likiwa limedhoofishwa na mafuriko. Walikufa zaidi ya watu 100. Ulinzi wa kweli dhidi ya jambo hili ni wa kizamani: mtu mwenye taa anayetembea njiani mvua inaponyesha, na kalvati zilizofagiliwa kabla ya mvua za vuli.

Nilishuka Mtito Andei, jua limeshapanda. Ukitaka kurudi pwani, kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka Miritini, usije ukakuta viti vimejaa. Nje ya stesheni bodaboda wapo. Omba upelekwe penye kivuko cha reli ya zamani, si mahali pengine, maana kutembea katikati ya njia ni kosa hata pale panapoonekana pameachwa.

Kivukoni inama utazame ubavu wa reli. Mara nyingi pana maandishi yaliyotokeza kwenye chuma: kiwanda, mwaka, na uzito kwa yadi. Yakiwa na kutu, yasugue kwa kitambaa kikavu; ukimwaga maji hayasomeki. Kisha tafuta kiungo cha karibu, ile sehemu yenye bamba na boliti 4. Nilijaribu kuingiza sarafu ya shilingi 10 kwenye pengo lake. Ilikuwa saa sita mchana, na joto lilikuwa limelifunga kabisa.