Miguu kwanza, skrini baadaye

Kiembe Samaki, Jumamosi usiku

Mwenye fedha akitaka kujenga simuleta ya ndege, yaani mashine ya kuigiza urubani, nyumbani kwake huanzia kwenye skrini. Hununua tatu, akazipanga nusu duara, kisha akatafuta kadi ya picha ambayo bei yake inatosha kununua vespa iliyotumika. Mimi ni mwalimu wa skuli. Mshahara ukishapita kwenye mchele, umeme na ada za wadogo zangu, kinachobaki kinanilazimisha nichague kitu kimoja, na nimechagua miguu. Skrini yangu ni moja, ina mstari wa kijani pembeni ambao nimeshauzoea. Lakini chini ya meza zipo pedali za mbao ambazo sizibadilishi na skrini tatu za mtu.

Sababu niliiona kwa macho yangu. Ndege ndogo ziendazo Pemba, zile Cessna Caravan za injini moja, mara nyingi hurushwa na rubani mmoja tu, na kiti cha ubavuni mwake huweza kupewa abiria. Siku moja nikienda Chake msibani nilipewa mimi. Nilidhani njia nzima nitatazama bahari, nikajikuta natazama viatu vya yule rubani. Mikono yake ilikuwa imetulia. Miguu ndiyo iliyokuwa kazini, hasa tulipokaribia kutua: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, mpaka magurudumu yakagusa chini, na hata baada ya hapo haikupumzika. Ndege ndogo ikiwa ardhini huongozwa kwa pedali, wala usukani wa mkononi hauipeleki popote. Kila kijana ninayemkaribisha kuijaribu simuleta yangu hufanya jambo lile lile: anazungusha usukani kana kwamba yumo ndani ya gari, na ndege inakwenda zake majanini.

Kompyuta nisiiseme sana. Ni ya mtumba, nimeinunua Darajani kwa shilingi 350,000. Programu ni FlightGear, ambayo ni ya bure tangu watu wa kujitolea walipoianzisha miaka ya 1990. Gharama yake ni bando la kuishusha tu. Nimezima vivuli, nimepunguza miti, nimefupisha umbali wa kuona, na ndege ninayorusha ni Cessna 172, ndogo kuliko Caravan. Hivyo picha zinakwenda bila kukatakata. Anayetaka kuona kila dirisha la Forodhani apande daladala aende Forodhani.

Pedali ndizo zilizonipeleka kwa mafundi. Wa kwanza ni seremala wa Jang'ombe, mzee aliyezoea vitanda na makabati. Nilimchorea: ubao mmoja umeshikwa katikati, mguu huu ukisukuma, ule unarudi. Akautazama mchoro, akanitazama na mimi.

"Mwalimu, hii ni cherehani?"

"Ni ndege, mzee wangu."

"Haya. Na hiyo ndege itakaa ndani au nje? Maana ya nje nitakutilia mbao nyengine."

Alitumia mabaki ya kitanda. Pale katikati, badala ya bolti tupu, akatia beringi ya gurudumu la baskeli, jambo ambalo mimi sikuliwaza, na ndilo linalofanya pedali ziende laini. Ili zirudi katikati mguu ukiachia, nilikata tyubu kuukuu ya baskeli vipande viwili vilivyolingana, nikafunga kimoja kila upande. Mpira ukibana sana, mguu unachoka kabla hujaimaliza nchi kavu ya Unguja. Ukilegea, hujui katikati ni wapi. Na hata ukiupatia, bado ni uongo kidogo. Katika ndege ya kweli ni hewa inayopita kwenye shikio la mkiani inayousukuma mguu wako, kwa hiyo mwendo ukizidi pedali zinakuwa nzito, na mwendo ukipungua mno zinalegea, na kulegea kwenyewe ni onyo. Mpira wa baskeli haujui mwendo. Zipo pedali zenye mota za kuiga jambo hilo, zina bei zake, nami nimeziacha huko huko ziliko.

Fundi wa pili ni wa redio, ana kibanda Mikunguni, na kwake ndiko nilikokaa zaidi. Kompyuta inahitaji kujua pedali imekwenda umbali gani, na njia rahisi ni kile kifaa kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio, ambacho mafundi wetu wanakiita voliumu tu. Ukikizungusha, umeme unaotoka unabadilika. Kibao kidogo cha elektroniki kiitwacho Arduino, chenye chipu ya ATmega32U4, kinaupima, kinaugeuza kuwa nambari kuanzia 0 hadi 1023, kisha kinajitambulisha kwa kompyuta kuwa chenyewe ni jostiki, kile kifaa cha mkono cha kuendeshea michezo. Nilimwomba fundi voliumu yoyote kutoka kwenye sanduku la redio zake mbovu. Akakataa kata kata. Nyingi za zile za sauti, alisema, hazipandi sawasawa, zimetengenezwa hivyo ili sikio liridhike: upande mmoja zinajikokota, upande wa pili zinaruka. Kwa mguu hazifai. Akafukua mpaka akapata iliyoandikwa herufi B, ambayo hupanda kwa kipimo kimoja mwanzo mpaka mwisho.

Halafu likaja suala la mzunguko. Voliumu huzunguka nyuzi 300 hivi, pedali zangu nyuzi 60. Ukiifunga moja kwa moja pale katikati ya ubao unatumia sehemu moja kwa tano, na katika zile nambari elfu na kitu unapata mia mbili. Ndege itakwenda, lakini kwa vishindo, na mguso mdogo wa mguu utapotea njiani. Fundi hakutaka hesabu yangu ifike mwisho. Alichukua uzi. Waliokulia kwenye redio za zamani wataukumbuka, ule unaozunguka vigurudumu na kuusogeza mshale ukitafuta stesheni, umekazwa kwa springi ndogo. Aliung'oa kutoka kwenye redio iliyokufa, akaufunga kwenye ubao wa pedali mahali panaposogea sentimita 10, akauzungusha kwenye kigurudumu cha upana wa sentimita 4.5 kilichokaa juu ya voliumu. Sasa mguu ukienda mwisho hadi mwisho, voliumu inazunguka karibu robo tatu ya duara. Nimeona picha za pedali za watu wa Ulaya zilizochongwa kwa chuma kwa maelfu ya dola, na sijaona hata moja yenye uzi wa redio. Hasara yao.

Kasoro ya voliumu ni vumbi, na kwetu huku, chumvi ya hewani. Kwenye redio zinakwaruza sauti. Kwenye simuleta, pua ya ndege inatikisika hali hakuna upepo wala mguu. Dawa yake ni sensa ya Hall, inayosoma sumaku bila kuigusa, kwa hiyo hakuna kinacholika. Hizo ndizo zitakazofuata fedha zikipatikana, kabla ya skrini ya pili.

Wanaosema simuleta bila picha nzuri si simuleta wangemcheka Edwin Link. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York, na mwaka 1929 alikuwa ameshatengeneza mashine ya kufundishia urubani kwa vifaa vya kiwanda hicho: pampu na mivukuto, mifuko inayojaa na kutoa upepo kama akodiani ya taarab, ndivyo vilivyokiinamisha kijichumba cha mbao mbele, nyuma na ubavuni. Mwanzoni wateja wake wakubwa walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa, na ndipo likanunua mashine sita. Mwanafunzi alikaa ndani, kifuniko kikashushwa juu yake, mbele yake saa za vipimo na mishale yake tu. Picha hakuna. Nami nikiweka mawingu mazito kutoka Kiwengwa mpaka Kengeja, skrini yangu na za tajiri zinafanana: kijivu. Kinachobaki ni nani mwenye pedali zinazosikia.

Lakini aliyeibadilisha simuleta yangu kuliko mafundi ni ami yangu, nahodha wa jahazi zamani, ambaye amevuka mkondo wa Pemba kwa tanga tangu ujana wake. Alikuja kunijulia hali, nikamkalisha kwenye kiti nilichokitoa kwenye Suzuki Carry bovu. Hata injini sijawasha, akauliza:

"Upepo wako unatoka wapi?"

"Hakuna upepo, ami. Nimeuzima iwe rahisi."

"Basi hapo si Unguja."

Tukauwasha, kusi ya kiasi. Njia ya kurukia ya uwanja wetu wa Abeid Amani Karume imelala kusini na kaskazini, ncha zake zina nambari 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360, na urefu wake unapita kidogo mita 3,000. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Ami hakuwa na habari ya nambari hizo, lakini nilipomweleza alizipanga pale pale: mwezi wa saba unatua ukitazama kusini, mwezi wa kwanza unatua ukitazama kaskazini. Mimi nilikuwa nikichagua ile iliyokaa vizuri kwenye skrini.

Safari ya Pemba ndiyo tamu. Ukivuta mstari kutoka uwanja wetu hadi uwanja wa Pemba, pale karibu na Chake Chake, unapata kilomita 125 hivi, mwelekeo nyuzi 30 na kitu. Unaiacha pwani maeneo ya Kiwengwa, Mnemba inabaki kushoto. Na njia ya kurukia ya Pemba, ambayo urefu wake ni nusu tu ya yetu, ina nambari 03, maana yake imeelekea huko huko unakokwenda. Wakati wa kaskazi unakwenda moja kwa moja, upepo wa omo, yaani wa usoni, unatua bila kukata kona ya maana. Wakati wa kusi mambo yanageuka: unaupita uwanja, unarudi, unatua kwa ncha ya 21, na kusi haikukabili sawasawa, inakuja kwa pembe ya kushoto. Ndege inakuja imekaa upande. Karibu na ardhi mguu wa kulia unainyoosha pua, mkono unaliinamisha bawa la kushoto, na yote mawili yanabadilika kila upepo unapopumua. Hapo ndipo nilipoelewa vile viatu vilikuwa vikifanya nini.

Ami aliishika njia kuliko mimi. Mikono yake ilikuwa mizito na alizikosea saa zote, lakini miguu ilituliza pua kwa namna ambayo bado sijaiweza. Anasema chomboni, mikono ikiwa na kazi kwenye demani, ile kamba ya tanga, kana, yaani mkono wa usukani, aliishika kwa mguu.

Baadaye, akinywa kahawa, akauliza mashine ikizima katikati ya mkondo itakuwaje. Hesabu yake nilikuwa nayo. Cessna 172 ikizima injini, hewa ikiwa shwari, huteleza karibu kilomita 2.8 kwa kila futi 1,000 za kimo. Mimi huvuka nikiwa futi 3,000.

"Kilomita nane," akasema. "Katika mkondo ule."

Akataka tupite Nungwi badala ya kukata moja kwa moja, kwa kuwa pale bahari iliyo wazi ni kilomita 50 hivi na kule inazidi 60. Hata hivyo, ili katikati uweze kuifikia pwani yoyote, unahitaji futi 9,000, na ndege hii ndogo itatumia sehemu nzuri ya safari ikipanda tu. Nikamwambia kiini ni kujua nusu ya njia ni wapi, ukifika hapo huna haja ya kugeuka. Akatikisa kichwa. Kwa kusi, upepo wa tezi, yaani wa nyuma, nusu ya njia haipo katikati; ipo karibu zaidi na Nungwi, kwa sababu kwenda Pemba unasukumwa na kurudi unapingwa. Yeye alikuwa hafikirii kurudi hata Nungwi ikiwa bado inaonekana wazi nyuma yake.

Nimekaa usiku huu na daftari, natafuta nukta hiyo kwa kusi ya noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, kwa futi 3,000, 5,000 na 9,000. Kwa futi 3,000 jibu ni baya kila upande. Kesho baada ya adhuhuri anakuja tena. Swichi ya injini itakuwa mkononi mwake, na amekataa kuniambia ataizima wapi.