Nilivyoweka lami nyepesi kwenye njia ya shambani Muheza

Mwishoni mwa Mei ya mwaka juzi, fuso lililokuja kubeba machungwa yetu lilizama hadi ekseli, mita 40 tu kutoka uani. Siku mbili lilikaa pale. Dereva alikula kwetu, akalala kwetu, na lilipotoka akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, msimu ujao usinipigie simu."

Njia yetu ina mita 280, kutoka barabara ya kijiji hadi nyumba aliyotuachia marehemu baba, nje kidogo ya Muheza. Udongo ni ule mwekundu wa kwetu: kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, mvua ikinyesha ni sabuni. Kila mwaka tulimwaga kifusi, na kila mwaka masika ilikisomba hadi kwa jirani wa bondeni, ambaye siku hizi ana uwanja mzuri kuliko wetu. Zege nilipigiwa hesabu, nikaikunja ile karatasi bila kuuliza zaidi. Kaka yangu wa Dar akasema lami ni kazi ya serikali, niache.

Nilimwendea mzee mmoja aliyestaafu usimamizi wa kazi za barabara. Nikampa shikamoo na mkungu wa ndizi, nikaanza kumweleza habari za lami. Akanikatiza. "Mwanangu, lami baadaye. Nionyeshe kwanza maji yanapita wapi."

Basi tukangoja vuli. Mvua iliponyesha tulisimama njiani na mwavuli mmoja, mimi nikiona aibu kwa majirani, yeye akichomeka vigingi kila maji yalipokata njia. Vilifika 11. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kifusi changu kilikuwa kinahama. Lami nyepesi, alinieleza, ni koti la mvua tu: unamwaga lami juu ya tabaka lililoshindiliwa, unatandaza kokoto, unashindilia, umemaliza. Lami inashika kokoto, kokoto inabeba tairi, na maji hayapenyi. Lakini nguvu ya kubeba lori iko chini, kwenye moramu, yaani udongo wa changarawe ulioshindiliwa. Ukiivika koti njia iliyooza, itaendelea kuoza ndani ya koti.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa yangu huioni ukija leo. Imo kwenye mitaro ya pande zote mbili, na kwenye kalavati pale tunapoungana na barabara ya kijiji, ambapo nilikwenda kwanza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuomba ruhusa ili nisije nikaziba mtaro wao. Imo kwenye moramu sentimita 15, iliyomwagiwa maji na kushindiliwa. Njia ina upana wa mita 3 na nusu, na mzee alitaka katikati pawe juu kuliko ukingoni kwa sentimita 5. Alipima kwa kamba na pima maji, na palipopungua tulirudia.

Lami tuliifanya Februari, jua la kaskazi likiwaka. Kwanza tulinyunyiza lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, ikanywewa na moramu, tukaiacha siku mbili. Kwa tabaka lenyewe nilichagua lami iliyochanganywa na maji, kwa sababu ile ya kuchemsha inataka nyuzi joto zaidi ya 150, na sikutaka vibarua wangu wabebe moto wa namna hiyo kwenye ndoo. Hii inakuja ya kahawia kama kahawa ya maziwa. Ukishaimwaga, maji yanajitenga na inageuka nyeusi. Kokoto lazima ziwe zimeshatandazwa kabla haijageuka.

Tatizo lilikuwa hizo kokoto. Niliagiza za milimita 14, safi. Tipa la kwanza lilipomwaga, mzee alizamisha mkono ndani, akautoa mweupe kama wa mkaanga maandazi. Vumbi tupu. Lami ingeshika vumbi na kokoto zingeachia. Muuzaji akaniambia mvua itaziosha. Tukaziosha wenyewe kwenye chekecho, siku mbili, na maji ya kisima; bahati lami hii haichukii kokoto zenye unyevu kidogo.

Siku ya kumwaga tulianza saa 2 asubuhi. Nilikadiria lita 1 na nusu kwa kila mita ya mraba, mapipa 7 na ushei kwa jumla. Sehemu ya tambarare ilikwenda vizuri mno, nikaanza kujisifu moyoni. Tulipofika kwenye mteremko wa mwembe, lami ikatiririka. Katikati palibaki pakavu, kandokando pakafurika, na vibarua wananitazama. Mzee alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nilichofanya, na ndicho kosa, nilitandaza kokoto hivyo hivyo ili niwahi. Aliporudi hakunigombeza. Alisema tu mteremkoni lami humwagwa mara mbili, kidogo kidogo, na kuanzia chini kupanda. Sehemu iliyobaki tulifanya hivyo, ikatulia.

Kushindilia hakukuhitaji rola la chuma, maana kokoto zetu ni za chokaa na chuma kingezivunja. Kinachofaa ni matairi. Nilimpigia simu yule dereva wa fuso. Alicheka sana, akaja na shehena ya mchanga, akapita polepole kwenda na kurudi mchana kutwa, kila safari akisogeza tairi kidogo. Alikataa malipo, alisema ana deni la chakula.

Siku tatu tuliweka gogo njiani, bodaboda wasikimbie. Kisha tukafagia kokoto zilizolegea kwa mafagio ya chelewa, tukazihifadhi.

Masika imepita juu yake mara moja, na machungwa yalitoka Mei bila kusukuma gari. Ila pale mwembeni, saa 7 mchana, lami iliyozidi bado inatoka jasho na ndala za watoto zinanasa. Nimeweka gunia la zile kokoto chini ya mti, na nikisikia ndala imenata natoka na kikopo, namwagia, nakanyagia kwa miguu.