Nyonga ndiyo bawaba

Fundi wa baiskeli pale Pasiansi, Mwanza, aliizunguka baiskeli yangu, akaishika siti, akaitikisa, kisha akauliza, "Kaka, hii ni ya shemeji?"

Nikamwambia ni yangu. Ilikuwa mtumba wa Kijapani, zile zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati, ambazo huku kwetu tunaziita za kike. Akaniangalia nilivyosimama, mkono kiunoni, akaelewa. "Ndiwe uliyeangushwa Kirumba," akasema. Hakuuliza tena, akachukua spana.

Niliichagua kwa sababu haina bomba la juu. Kupanda baiskeli ya kiume lazima uurushe mguu nyuma juu ya siti, na hapo mgongo unainama na kujipinda kwa mkupuo mmoja. Hii unapitisha mguu katikati tu, unakaa. Ile yangu ya zamani, ya milimani, yenye usukani wa chini unaokulazimisha kulalia mbele, nilikuwa nimeshampa mdogo wangu.

Tulibishana na fundi kuhusu siti. Mimi nilitaka iwe chini kabisa ili nyayo zote zikae ardhini. Yeye akasema ukikaa chini hivyo magoti yanapanda, kiuno kinajikunja na mgongo unatoka nje. Akanikalisha nimeegemea ukuta, akaipandisha kidogo kidogo hadi nikawa nagusa chini kwa vidole. Usukani akauinua hadi alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba lake. Halafu akang'oa siti pana ya ngozi kwenye baiskeli moja kuukuu ya Phoenix, ile yenye springi mbili nene nyuma, akaifunga kwenye yangu. Ukikaa wima, alisema, kila shimo linapanda moja kwa moja mgongoni, kwa hiyo kitu cha chini lazima kinyonye kishindo. Tairi la nyuma akaniambia nisilijaze upepo likawa gumu.

Nilivunjika mwaka 2018, alfajiri, nikienda Mwaloni Kirumba, soko ninakofanya kazi ya kupima dagaa. Hiace ilichomoka kituoni, ikanisukuma, nikaangukia mtaroni, makalio yakatangulia. Mtaro wenyewe ni wa mawe. Ukianguka hivyo, kishindo chote kinapanda kwenye uti wa mgongo, na kwangu kiliishia kwenye pingili ya kwanza ya kiuno. Hapo ndipo sehemu ya mgongo iliyoshikwa na mbavu inapokutana na sehemu ya kiuno inayojipinda, na madaktari wanasema maeneo ya hapo huvunjika kirahisi. Upande wa mbele wa pingili ulibonyea. Kwenye picha ya eksirei ilionekana ina umbo la kabari, na mpaka leo iko hivyo hivyo. Mfupa uliunga, lakini haukurudi kuwa wa mraba.

Vijana waliokuja kunisaidia walikuwa wameshanishika mikono na miguu wanikunje kwenye bajaji. Mama mmoja muuza dagaa akapiga ukelele: "Mwacheni! Msimkunje!" Akamwaga chini dagaa wake wote, akatoa ubao wa meza. Nikasogezwa juu yake mzima mzima, nikafungwa kanga kifuani na mapajani, nikapakiwa kwenye gari la kubebea samaki. Hili nalisema kila ninapopata nafasi: mtu aliyeanguka akilalamika mgongo asikunjwe. Mishipa ya fahamu inayoelekea miguuni inapita ndani ya pingili hizo hizo, na kipande cha mfupa kikisogea kinaweza kuibana au kuikata. Daktari aliponiambia nichezeshe vidole vya miguu, vikacheza. Namshukuru Mungu, na ubao ule naukumbuka.

Sikupasuliwa. Nilifungwa mkanda mgumu wa plastiki kutoka kifuani hadi kiunoni, nikakatazwa kuinama, kujipinda na kubeba. Usiku mke wangu ndiye aliyenigeuza, mabega na nyonga kwa pamoja, ili kiuno kisizunguke. Ule ulikuwa wakati mrefu na sina mengi ya kuusimulia.

Ninachopenda kukisimulia ni yule dada wa mazoezi tiba. Mkanda ulipotolewa nilikuwa natembea kama nimebeba mayai. Akaniambia wazi kwamba mfupa umeunga, kilichobaki ni misuli, na misuli haipati nguvu kitandani. Akanianzisha kwa kutembea, kisha kulala chali na kuinua makalio, kisha kupiga magoti, viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kutikisika. Zoezi nililolichukia lilikuwa la kuinama. Alinishikisha fimbo ya ufagio mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, halafu niiname bila fimbo kubanduka popote. Nilishindwa siku nyingi. Kila nikiinama, kiuno kinatangulia.

"Kaka, mgongo ni mlango," alisema. "Mlango haukunjwi katikati. Nyonga ndiyo bawaba. Rudisha makalio nyuma."

Alipoona nimeshika, akanipandisha kwenye baiskeli yake ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Baadaye tulipopeleka picha mpya, na daktari akaridhika kwamba kabari haijaongezeka, akaniruhusu ya barabarani: barabara ya lami, asubuhi, bila mzigo.

Nyumbani ruhusa hiyo haikupokelewa vizuri. Mama alikuja kutoka Magu kwa ajili hiyo tu. "Mwanangu, chuma kimekuvunja mara moja, unakifuata tena?" Na marehemu baba alibeba maziwa kwa baiskeli maisha yake yote, huyo huyo mama ndiye aliyekuwa anamfungia madumu kwenye keria. Mke wangu alisema kidogo zaidi, na ndiyo yaliyoniuma: "Baba, wewe ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekuwa macho." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba twende naye kwa yule dada aulize mwenyewe. Akaenda, akauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria, akarudi amenyamaza. Jumamosi usiku akaniambia, "Kesho nitakusindikiza hadi barabarani."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mwaka 2019, kiangazi kimekolea, ziwa limetulia kwa sababu upepo ulikuwa bado haujaamka. Mke wangu alishika keria nilipopitisha mguu. "Ukisikia chochote, shuka," akasema, akaachia.

Kuendesha kwenyewe miguu haikuwa imesahau. Nilichokiogopa ni matuta. Barabara ya uwanja wa ndege ina matuta, makubwa na yale madogo yaliyopangwa mfululizo ambayo watu wanayaita rasta, na nilikuwa nimeyafikiria kitandani moja baada ya jingine. Kwenye rasta ya kwanza nilishuka, nikaikokota baiskeli. Nikapanda tena. Kule mbele nikaliona tuta lenyewe, pana, rangi yake imefutika. Inaniudhi hadi leo kwamba tuta linaachwa bila rangi, kwa sababu mwenye gari anapata kishindo cha kawaida, lakini mwenye baiskeli usiku anaweza kuruka akaangukia usukani.

Nilipunguza mwendo. Nikasawazisha pedeli, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Nikalegeza viwiko. Halafu nikarudisha makalio nyuma na kuyainua, kiasi cha kiganja tu juu ya siti, mgongo umenyooka kama kwamba fimbo ya ufagio bado iko pale. Gurudumu la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda, likashuka. Springi zikalia chini yangu bila mtu juu yake. Mapaja ndiyo yaliyopokea kila kitu, yakawaka moto. Mgongoni sikusikia kitu.

Nilipiga kelele peke yangu pale barabarani, "Nimepita!" Mama aliyekuwa anafagia mbele ya duka akasimama na ufagio wake, akanijibu, "Pita, baba!"

Matuta yaliyofuata niliyapita hivyo hivyo, na kufika kona ya Bwiru nilikuwa nasikia jasho zuri, lile la kazi. Kuanzia hapo magari yakaongezeka. Nikiwa natelemka kuelekea Kirumba, Hiace ikapiga honi nyuma yangu, ya kuita abiria tu, haikuwa na neno nami. Mwili wote ukakakamaa. Mikono ilibana breki kabla sijafikiri, na nikajikuta nimesimama pembeni, mguu mmoja chini, moyo unadunda. Gari likapita. Kondakta akanipungia mkono. Nilikaa pale mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Yule dada alikuwa ameniambia kwamba misuli ikikakamaa kwa woga mgongo unauma hata mfupa ukiwa mzima, na ndivyo ilivyokuwa, kiuno kizima kilishikwa. Nikatembea na baiskeli mkononi kupita uwanja wa CCM Kirumba, kiuno kikalegea, nikapanda tena kumalizia kipande kilichobaki.

Mwaloni hapalali hata Jumapili. Magunia yalikuwa yanapangwa kwenye lori la kwenda Kongo, wapagazi wanaimbiana, harufu ya dagaa wakavu imejaa kila mahali. Nilimkuta yule mama wa ubao mezani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nikamwonyesha. Akaniambia nigeuke. Akaweka kiganja mgongoni kwangu, palepale, bila kuelekezwa, akabonyeza taratibu. "Panauma?" Nikasema hapana. "Basi wamekuunga vizuri."

Nilitaka kununua dagaa wake sado mbili nifunge kwenye keria. Akanipimia, akaongeza nyongeza ya kiganja, akapokea hela, lakini kufunga akakataa. "Huo mgongo bado si wa mzigo." Akamwita kijana wa bodaboda, akampa mfuko, akaniambia nimwelekeze nyumbani na nauli nilipe mimi. Nikalipa.

Dagaa walifika Ilemela kabla yangu. Mke wangu akanipigia simu, sauti iko juu, anauliza kwa nini dagaa wamekuja peke yao na mimi niko wapi. Nilikuwa Pasiansi kwa fundi, nimekaa kivulini, nakunywa maji, yeye akiwa anakaza nati ya siti iliyokuwa imelegea.