Nilivyovuka daraja la Pontcysyllte kwa miguu

Naogopa kuwa juu tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu kuvuka Pontcysyllte, daraja la kule Wales linalobeba mfereji mzima pamoja na mashua zake juu ya mto Dee, kimo cha mita 38. Mwezi wa tano nikafunga safari.

Sikuanzia pale. Nilishuka treni Chirk, kwa kuwa huko lipo daraja dogo la mfereji, la mwaka 1801, lenye matao 10 na kimo cha mita 21. Kutoka kituoni unalifikia kwa kupita handaki la mita 421, giza totoro, kwa hiyo bebeni tochi. Daraja hilo nililivuka mara mbili, kwenda na kurudi, mpaka miguu ikatulia. Kisha nikaufuata mfereji kuelekea kaskazini taratibu hadi Froncysyllte, kijiji kilicho upande wa kusini wa Pontcysyllte.

Nilipoliona lenyewe, moyo ulinienda mbio. Njia ya waenda kwa miguu, iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya farasi waliovuta mashua, ina uzio wa chuma upande mmoja. Upande wa pili ni maji, na ng'ambo ya maji hakuna uzio wowote: ni ukingo wa hori la chuma linalobeba maji, halafu bonde.

Kilichonipa nguvu ni kulitazama lilivyojengwa. Kwetu Kilimanjaro wazee walivusha maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, juu ya makorongo kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Hili nalo ni gogo lao, ila ni la chuma, na lina urefu wa mita 307! Thomas Telford na William Jessop walilijenga kuanzia 1795 hadi 1805. Nguzo ni 18, za mawe, na sehemu zake za juu zina uwazi ndani ili zisiwe nzito mno. Chokaa ilichanganywa na damu ya ng'ombe. Maungio ya chuma yalizibwa kwa kitambaa cha flana kilichochovywa kwenye sukari iliyochemshwa. Maji yanapita hapo zaidi ya miaka 200 sasa. Mimi na mkoba wangu ni uzito gani?

Nikashika uzio, macho nikayaweka kwenye maji, nikaanza kuhesabu hatua. Katikati nikakutana na mzee mmoja anatoka upande wa Trevor, kijiji cha ng'ambo ya pili. Njia ni nyembamba. Aliuona mkono wangu ulivyoukamata uzio, akaniachia, akapita yeye upande wa maji bila kusema neno. Wema ule bado naukumbuka.

Kuvuka hakulipiwi. Nilipofika Trevor niliteremka hadi mtoni, nikaketi kwenye jiwe na kutazama juu. Kando ya uzio vichwa vya watu vilikuwa vinapita polepole, vidogo sana. Nilikula mkate wangu, nikapanda tena, nikavuka kurudi.